Mgawa Funguo Asiyeona

Nchi yenyewe msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe wameshaifuta na kuichora upya zaidi ya mara moja, na kila ilipochorwa upya ilionekana imeongezeka viwanja vya ndege na kupungua watu. Inatosha kujua kwamba katikati yake umesimama mlima mrefu. Waliozaliwa upande linapotokea jua huitwa watu wa Mawio, na waliozaliwa upande linapozama huitwa watu wa Machweo. Lugha yao ni moja, ngozi yao moja, wanakula ugali uleule na kuugua malaria ileile. Hata hivyo, kila mwenye macho katika nchi ile anajua kuwatofautisha. Ukiuliza kwa vipi, unaambiwa, "Kwani wewe huwaoni?"

Ilijulikana kwamba mtu wa Machweo ni mwongo, mvivu, ananuka moshi, na akikuchekea ujue ameshakuibia. Mtu wa Mawio ni mkweli na mchapakazi, na akikuibia ujue alikuwa na dharura. Mambo haya hayakuandikwa popote. Katiba ya nchi ilikataza ubaguzi katika kifungu cha kwanza, cha pili na cha tatu, ndiyo maana haikubakiwa na nafasi ya vifungu vingine.

Mtu mmoja tu hakuwa na habari na elimu hiyo. Jina lake Feruzi. Surua ilimpofusha angali ananyonya, akalelewa katika shule ya watoto wasioona iliyokuwa bondeni. Pale watoto wa pande zote walilala kitanda kimoja, kwa sababu hakuna kiongozi aliyekumbuka kwamba nao ni watu wanaofaa kutenganishwa. Alipokua akaingia bendi ya polisi, akapuliza tarumbeta kwenye gwaride mpaka alipostaafu. Wenzake bendini walikuwa na vichekesho vingi kuhusu watu wa Machweo. Feruzi naye alicheka, ila alicheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayefuata wimbo asioujua. Akirudi nyumbani humuuliza mkewe Mashavu, "Hivi kile kinachowachekesha ni nini hasa?" Mashavu humjibu, "Wewe kula." Basi anakula, lakini moyoni anahisi amefungiwa nje ya chumba ambamo dunia nzima imekaa inazungumza.

*

Serikali ikaamua kujenga bwawa la umeme. Bwawa likapewa jina la mama yake Rais, na bonde zima likapewa amri ya kuhama. Juu ya kilima zikajengwa nyumba za kuwahamishia wakazi. Nyumba hazikutosha. Waziri wa Makazi, Dakta Kungulio, ambaye alikuwa daktari wa kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukiulizia, alieleza bungeni kwamba nyumba zilizobaki zilijengwa kweli, isipokuwa kwa bahati mbaya zilijengwa katika mashamba ya viongozi.

Maofisa wakagawa funguo. Walipomaliza, ikaonekana kila ufunguo umeangukia mkononi mwa mtu wa Mawio. Maofisa wenyewe walishangaa sana. Wafadhili wa bwawa, wageni wanaotoa fedha na kupenda kuuliza maswali, hawakushangaa. Wakazuia fedha mpaka ugawaji urudiwe kwa haki.

Baraza la Mawaziri likakutana. Mmoja alishauri wafadhili wafukuzwe, mwingine alishauri wafukuzwe wakishalipa. Ndipo Dakta Kungulio aliposimama, akarekebisha tai.

"Waheshimiwa, hawa watu wanasema macho yetu yana ubaguzi. Vema. Tuwape mtu asiye na macho."

Wakapiga makofi mpaka glasi zikacheza mezani.

Feruzi alifuatwa nyumbani kwa magari yenye ving'ora. Jopo la madaktari likamkagua. Wakamulika macho yake kwa tochi, wakamtolea ndimi, na mwisho Katibu Mkuu mwenyewe akamfanyia kwa vidole ishara ya matusi ambayo mtu yeyote mwenye heshima zake angeijibu kwa ngumi. Feruzi akatabasamu tu, akauliza kama chai ipo.

"Unaona rangi?" Waziri akauliza.

"Sioni, Mheshimiwa."

"Sura za watu je?"

"Hata yangu sijawahi."

"Hongera sana," akasema Waziri, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Taifa limekungojea muda mrefu."

Wakampa cheo cha Mgawa Funguo Mkuu Asiyeona, ofisi yenye zulia, na karani wa kumsaidia aitwaye Shekue. Shekue alikuwa mtu mpole mno, hajawahi kumtukana hata kuku. Sheria ikapitishwa haraka kwamba yeyote atakayetamka neno Mawio au neno Machweo mbele ya Feruzi atakwenda jela. Kila mwombaji angeingia kama sauti tu, na kutoka kama sauti.

*

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri hata ikatisha. Mtu akiingia, Feruzi anamuuliza ana watoto wangapi, nani mgonjwa, nani mzee, na maji yamefika wapi. Mwenye shida kubwa anapewa ufunguo. Mama mmoja aliyepewa alipiga vigelegele mle ofisini mpaka walinzi wakaingia na bunduki. Siku hiyo Feruzi alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo tarumbeta haikuwahi kumpa.

Wafadhili wakafungulia fedha. Wizarani ikawa kama msiba, maana watu wa Machweo walikuwa wakipanda kilimani na funguo zao kama wengine. Maofisa walimkimbilia Waziri. Huyu akataka Feruzi apigiwe kengele kila aingiapo mtu wa Machweo, yule akataka waombaji wafundishwe kukohoa kwa namna mbili.

"Muacheni," Dakta Kungulio akasema. "Asifundishwe chochote. Nyinyi mlifundishwa na nani? Nani kati yenu aliwahi kupewa somo? Mwekeni tu akae na watu. Atatuelewa."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyemwambia Feruzi neno.

Ila mle ofisini, kila alipoingia mtu wa Machweo, Shekue alijikuta ameinuka na kufungua dirisha. "Naingiza hewa kidogo, mzee," husema. Na kila alipoingia mtu wa Mawio, Shekue alijikuta anavuta kiti. "Karibu, karibu ukae." Wa dirisha wakishatoka, Shekue hushusha pumzi na kusema, "Haya. Kasema watoto sita. Haya." Wa kiti wakishatoka husema, "Unaona watu waliolelewa?" Hakuwa na nia mbaya. Ukimuuliza angeapa kwamba hafanyi lolote, na angeapa kweli.

Feruzi alikuwa na masikio ya mwanamuziki. Sikio la namna hiyo halikubali sauti mbili zifuatane mara nyingi bila kuzitafutia wimbo. Mlio wa kitasa cha dirisha, halafu watu wa namna fulani. Mkwaruzo wa kiti, halafu watu wa namna nyingine. Akaanza kuisikiliza tofauti, na anayeisikiliza tofauti hushindwa kuikosa. Wa dirishani, aligundua, walikuwa na sauti inayoburuta kidogo mwishoni mwa sentensi. Walisitasita. Hakufikiri kwamba mtu anayefunguliwa dirisha kabla hajasalimia lazima asitesite. Wa kitini walizungumza kwa utulivu, na hakufikiri kwamba aliyekalishwa hutulia.

Kisha ikaja harufu. Asubuhi moja alinusa moshi kabla Shekue hajainuka. Akangoja. Kitasa kikalia.

Feruzi akashikilia ukingo wa meza. Moyo ulimdunda kama siku aliyopuliza wimbo wa taifa bila kosa kwa mara ya kwanza. Basi ilikuwa kweli! Kile walichokiona wengine wote, kile walichokicheka bendini miaka yote ile, kilikuwepo, naye alikuwa amekipata kwa pua yake mwenyewe bila msaada wa mtu. Alimsikiliza mwombaji hadi mwisho akiwa na wema mkubwa moyoni, hasa kwa ajili yake mwenyewe, kisha akamnyima ufunguo.

Mchana alipokwenda kula alimwambia Mashavu, "Unajua, wale watu wa Machweo kweli wananuka moshi."

Mashavu alikuwa anageuza ugali. Akaacha. "Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimenusa."

"Na mimi napika kwa kuni tangu unioe. Mimi nanuka nini?"

Feruzi akafikiri. "Wewe unanuka chakula."

Mashavu akampakulia, akaenda kula chakula chake nje.

Wizarani ikapita minong'ono ya furaha. Funguo zilikuwa zimeanza tena kuangukia mahali pake.

*

Masika yalipoanza, na maji yalipokwisha kupanda kwenye mashamba ya bondeni, akaingia ofisini mtu aliyetanguliwa na fimbo inayogonga sakafu.

"Feruzi!" sauti ikasema. "Waliponiambia ni Feruzi wa tarumbeta, nikasema basi, nimeshafika nyumbani."

Alikuwa Ngwali. Walilala kitanda kimoja pale shuleni tangu wakiwa hawajui kufunga vifungo. Watoto wenye macho walipokuwa wakiwavizia mtoni kwa mawe, Ngwali ndiye aliyekuwa akisimama mbele na kupiga kelele, "Nipigeni mimi, mimi ndiye mkubwa," ingawa alikuwa mdogo. Feruzi aliinuka kutoka kitini, mikono ameitanua.

Kitasa cha dirisha kikalia.

Mikono ya Feruzi ikabaki hewani. Kisha ikashuka mezani, polepole, kama vile tangu mwanzo ilikuwa inatafuta meza. Hakuwahi kujua. Hata siku moja hakuwahi kujua, na hakuwahi kuuliza. Sasa alisikia ile sauti ikiburuta mwishoni, na akaunusa moshi, moshi wa mtu aliyekesha kwenye moto wa kuni mbichi.

"Habari za siku nyingi, Ngwali," akasema.

Ngwali alikuwa akitabasamu bado, ilisikika. "Nyingi kweli. Sikia, ndugu yangu, maji yameshakula mihogo. Nyumbani niko na binti yangu Kidawa na wajukuu watatu. Nyumba ya ukubwa wowote tu, hata chumba kimoja."

"Wajukuu watatu," Feruzi akarudia.

"Watatu."

"Wa kwako wote?"

"Sasa watakuwa wa nani?"

"Watu wengi wanakuja hapa na wajukuu wa kuazima."

Nje mvua ilikuwa inaanza tena.

"Feruzi," Ngwali akasema taratibu, "unaniuliza mimi?"

"Namuuliza kila mtu." Hakuwa akimuuliza kila mtu. Wa kitini hakuwahi kuwauliza. "Walete hao watoto niwashike vichwa, nitakupa ufunguo. Sina neno na wewe."

"Nimetoka alfajiri. Nimeanguka njiani, njia imekatika kule kwenye daraja. Niwapandishe watoto kwenye tope lile ili wewe uwashike vichwa?"

"Ndio utaratibu, Ngwali."

"Utaratibu." Alilitamka kama mtu anayeonja kitu kujua kama kimechacha. "Na mimi mwenyewe? Hutaki kunigusa macho, uhakikishe kwamba sioni?"

Feruzi uso ulimpata moto, kwa sababu wazo hilo lilikuwa limeshapita kichwani mwake. Hawa watu, alikuwa amewaza, wanaweza hata kujifanya vipofu.

Ngwali hakungoja jibu. Aligeuka, akajigonga kwenye kiti ambacho hakuna aliyemvutia, akapapasa mlango mpaka akaupata. Feruzi aliisikiliza fimbo yake ikishuka ngazi. Mara mbili alifungua kinywa amuite. Kwenye sanduku mbele yake funguo zilikuwa bado zimejaa.

"Umemstahi sana, mzee," Shekue akasema kwa upole akifunga dirisha. "Mwingine angemfukuza."

*

Wiki hiyohiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Rais. Rais alipenda kuliona ziwa limejaa akiwa kwenye roshani yake, na kwa kuwa ziwa halikuwa na taarifa, milango ya bwawa ikafungwa kabla ya wakati kulisaidia. Mvua nayo ikanyesha kama iliyoalikwa. Bonde likajaa kabla mizinga ya heshima haijamaliza kulia.

Redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana na kwamba wakazi wachache wakaidi walikuwa wamechelewa kuhama.

Mashavu ndiye aliyeleta habari kutoka sokoni. Aliingia bila kutua kikapu.

"Ngwali amekufa. Walimkuta amekumbatia wajukuu. Kidawa alipanda juu ya paa la shule na yule mdogo, ndio waliookolewa."

Feruzi akauliza kwa sauti ndogo, "Wajukuu aliowakumbatia walikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Na yule mdogo."

"Na yule mdogo," Mashavu akasema. Kikapu kikamponyoka, vitunguu vikatawanyika chini, na hakuna aliyeviokota.

*

Wafadhili wakauliza tena maswali yao, Serikali ikaunda Tume. Ukumbi ulijaa. Profesa Mwinyikai wa Chuo Kikuu akaitwa kama mtaalamu, naye akaja na suti mpya.

"Waheshimiwa, tunalo hapa jaribio ambalo dunia nzima imelikosa," akasema. "Mtu huyu hajawahi kuona sura ya binadamu. Hakuna aliyemwambia lolote, kwa kuwa sheria ilikataza. Pamoja na hayo, amewabagua watu kwa usahihi kuliko maofisa wenye macho. Hitimisho ni moja: ubaguzi haufundishwi. Mtu huzaliwa nao, kama meno."

"Meno hatuzaliwi nayo, Profesa," Jaji mwenyekiti akasema.

"Yamo ndani ya ufizi, Mheshimiwa Jaji. Yanangoja."

Ukumbi ukanguruma kwa makofi. Dakta Kungulio alifuta jasho na akaonekana kupungua miaka. Kama ni maumbile, basi hakuna waziri aliyekosea, hakuna ofisa aliyekosea, na bwawa lilikuwa limejaa maji tu.

Feruzi akasimama bila kuitwa.

"Nilifundishwa," akasema. "Nilikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na sikujua. Nikafundishwa, nikajua. Wala sikuchelewa kuelewa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyokuwa kwenye tarumbeta."

"Nani alikufundisha?" Jaji akauliza.

"Karani Shekue. Na wengine."

"Alikwambia nini?"

"Hakusema neno."

"Basi hakukufundisha."

"Alifungua dirisha."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza, naye akiwa anacheka. Shekue akaitwa mbele. Aliapa.

"Bwana Shekue, ulifungua dirisha?"

"Inawezekana, Mheshimiwa. Kulikuwa na joto."

"Ulikuwa ukilifungua kwa watu wa Machweo peke yao?"

Shekue akafungua kinywa akane. Kisha kitu kikamjia usoni. Alitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. "Sijui," akasema. "Wallahi sijui. Mama yangu pia alikuwa akifungua dirisha." Halafu akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya kamera, ikabidi atolewe nje.

Tume ilikubaliana kwamba machozi si ushahidi. Ikaamua kwamba wakazi wa bondeni waliuawa na Maumbile, na kwa kuwa Maumbile hayana anwani, shauri likafungwa. Bunge likafuatia kwa sheria mpya: kwa sababu ubaguzi ni wa kuzaliwa, kuupinga ni kumkosoa Muumba, na adhabu yake ni kifungo. Feruzi aliongezewa pensheni na kuvishwa nishani. Wakamzungusha mashuleni. Walimu waliwapanga wanafunzi mstari wamtazame, wakawaambia, "Huyu hapa ndiye ushahidi," na Feruzi aliposema, "Watoto, sikilizeni, nilifundishwa," bendi ya shule iliagizwa ipige.

*

Alimsumbua Mashavu mpaka akakubali kumpeleka kambini, kule walikowekwa walionusurika. Kambi ilikuwa upande wa pili wa kilima, mahema juu ya tope, na toka pale nyumba mpya zilionekana vizuri, nyingi zikiwa bado zimefungwa. Mashavu alimwongoza hadi mlangoni pa hema, akabaki nje.

"Hodi."

"Karibu mzee. Shikamoo." Sauti ya mwanamke, iliyochoka, lakini yenye adabu ya watu wa bondeni. "Kaa hapa, kuna ndoo. Angalia mguu, kuna kamba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Kidawa?"

"Ndiye mimi. Pole na njia. Ngoja nikupe maji."

Alipokuwa anakunywa akahisi mikono midogo kwenye magoti yake. Mtoto alipanda bila kuomba ruhusa, akajikalisha, akapeleka vidole kwenye kope za Feruzi na kuvipitisha taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Mama," mtoto akasema, "huyu babu hana macho kama babu."

"Tunu, msumbufu wewe, shuka."

"Muache," Feruzi akasema. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakishika. Kichwa kidogo, chenye joto, kinachonuka moshi. Akakaa hivyo. Kisha akasema alichokuja kusema. Alitaja jina lake. Alisema kuhusu siku ile ofisini, fimbo, daraja, wajukuu watatu, na sanduku la funguo lililokuwa limejaa. Hakujitetea kwa dirisha.

Kidawa hakupiga kelele. Upepo ulipiga turubai.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia."

"Sijaja kuomba unisamehe. Nimekuja ujue ni nani."

"Wewe ni mtu wa Mawio," Kidawa akasema. Halikuwa swali.

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo usoni. "Ndiyo," akajibu.

"Nilijua. Uliposema hodi tu, nilijua."

Hakuwa amejua. Alimkaribisha, alimpa maji, alimwonya kuhusu kamba. Lakini Feruzi hakuwa na haki ya kumkumbusha.

Kidawa hakusema neno jingine. Alivuta pumzi tu, fupi, kwa meno, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha. Kwenye magoti ya Feruzi mtoto aliacha kuchezea kifungo cha koti. Alimgeukia mama yake, akakaa akimtazama. Mgongo wake mdogo, uliokuwa umeegemea kifua cha Feruzi kama unavyoegemea ukuta wa nyumbani, ukajitenga kidogo. Ukakakamaa. Kisha mtoto akateleza chini taratibu, kwa tahadhari, asimguse.

Feruzi alibaki amekaa juu ya ndoo, mikono mitupu magotini. Alizisikia nyayo zile ndogo zikirudi nyuma kwenye tope, hatua kwa hatua, kuelekea kwa mama, na hakuna mtu aliyesema neno.